Daftari la alama kwenye Moodle: mwongozo kwa wahadhiri wa Uganda, kutoka safu ya kwanza hadi bodi ya watahini

Mwisho wa muhula ndipo daftari la alama linapomkaba mwalimu. Karatasi zimesahihishwa na alama zimeingizwa, lakini jumla iliyo kwenye skrini haifanani na ile ya kikokotoo. Mkuu wa idara anadai matokeo, wanafunzi nao hawaishi kupiga simu. Kwa nionavyo mimi, karibu kila tatizo la namna hii huzaliwa wiki za kwanza, pale mwalimu anapoanza kuingiza alama kabla ya kuuambia mfumo anataka hesabu gani. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, haikatai kuhesabu. Usipoielekeza itahesabu inavyojua, kisha itakupa jibu lenye desimali mbili linaloonekana la kuaminika kabisa.

Nimechagua Moodle kwa sababu ndiyo iliyoenea katika vyuo vyetu. MUELE, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, imejengwa juu yake. Programu hii ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Kwa kuwa ni programu huria, kila chuo kimeipamba kivyake, kwa hiyo rangi na mahali pa menyu patatofautiana kidogo na utakachokiona kwako. Vitufe nitavitaja kwa kazi yake. Ukiingia kwenye kozi yako, sehemu ya alama iko kwenye menyu ya juu ya kozi katika matoleo mapya, au upande wa kushoto katika ya zamani. Ndani yake kuna kurasa tatu utakazozitumia sana: jedwali kubwa la alama za darasa zima, ukurasa wa kupanga daftari, na ripoti ya mwanafunzi mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Panga hesabu kwenye karatasi kwanza

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi uandike alama zitatoka wapi na kila moja itachangia ngapi katika 100. Kozi zetu nyingi hugawa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kuna programu zinazogawa 30 kwa 70. Usikisie, soma maelezo ya kozi yaliyopitishwa na chuo, maana ndiyo bodi itakayoyashika mkononi.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme unafundisha Fasihi Simulizi mwaka wa kwanza. Kazi za muhula ni 40, na zimegawanyika hivi: jaribio la kwanza linasahihishwa juu ya 20 na linachangia 10, jaribio la pili linasahihishwa juu ya 30 na linachangia 15, insha inasahihishwa juu ya 100 na inachangia 15. Mtihani unasahihishwa juu ya 100 na unachangia 60.

Hapo kuna namba za aina mbili, na ndizo zinazochanganywa kila muhula. Ipo alama ya juu, yaani kazi inasahihishwa juu ya ngapi. Upo na uzito, yaani kazi hiyo ina sauti kiasi gani katika jumla. Kwenye karatasi yako zipe safu mbili tofauti.

Hatua ya 2: Tengeneza mafungu, kisha chagua njia ya kujumlisha

Fungua ukurasa wa kupanga daftari. Ongeza fungu, liite Kazi za muhula. Mtihani unaweza kukaa peke yake nje ya fungu hilo kama kipengele kimoja. Sababu ya kutenga mambo haya mawili ni kwamba mifumo ya matokeo ya vyuo, kama ACMIS, kwa kawaida hutaka alama ya muhula mbali na ya mtihani mbali. Ukivimwaga vipengele vyote pamoja, siku ya kuwasilisha utaanza kujumlisha kwa mkono.

Sasa njia ya kujumlisha. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2014, Moodle mpya huja ikiwa imewekewa njia ya kujumlisha alama kama zilivyo: kazi yenye alama ya juu kubwa inabeba uzito mkubwa, basi. Ni njia nzuri ikiwa kila kazi imesahihishwa juu ya kile inachochangia. Kwa mfano wetu ni mtego. Mchukue mwanafunzi aliyepata 16 kati ya 20, 21 kati ya 30, na 50 kati ya 100 kwenye insha. Mfumo utajumlisha 87 kati ya 150, ambayo ni asilimia 58, na juu ya 40 hiyo ni 23.2. Lakini hesabu yako ya karatasini inasema hivi: 8 ya jaribio la kwanza, 10.5 ya jaribio la pili na 7.5 ya insha, jumla 26. Insha uliyotaka ichangie 15 kati ya 40 imenyakua theluthi mbili za kazi zote za muhula.

Tofauti ni alama 2.8. Mwanafunzi huyohuyo akipata 40 kwenye mtihani, yaani 24 juu ya 60, kwa hesabu moja ana 47.2 na anarudia kozi, kwa nyingine ana 50 na amefaulu. Hakuna aliyekosea kusahihisha.

Dawa ni kuchagua wastani unaofuata uzito. Fungua mipangilio ya kozi nzima kwenye ukurasa huo wa kupanga, chagua njia hiyo, uhifadhi. Rudia kwa fungu la Kazi za muhula. Njia hii kwanza hugeuza kila alama kuwa asilimia, ndipo inaipa uzito uliouandika, kwa hiyo haijali kazi ilisahihishwa juu ya ngapi. Alama ya juu ya fungu la muhula iweke 40 na uzito wake 40. Uzito wa mtihani uweke 60. Alama ya juu ya kozi nzima iwe 100. Ndani ya fungu, andika 10, 15 na 15 kwenye visanduku vya uzito. Safu ya fungu sasa itasoma 26 na si asilimia 65, na hivyo ndivyo idara inavyotaka kuiona.

Kuna walimu wanaobaki na njia ya mwanzo na kusahihisha kila kitu juu ya mchango wake, jaribio juu ya 10, insha juu ya 15. Ni sawa pia, na hesabu inaonekana wazi kwa kila mtu. Mimi siipendi kwa insha, kwa sababu juu ya 15 mkono wa msahihishaji unabanwa na wanafunzi wengi huishia 9 au 10.

Hatua ya 3: Ongeza vipengele, vya mtandaoni na vya karatasi

Kazi inayokusanywa mtandaoni na jaribio la mtandaoni hujiongezea safu zenyewe daftarini mara unapoziunda. Kumbuka tu kuchagua fungu lake kwenye mipangilio ya alama ya kazi hiyo, la sivyo itaning'inia nje na kuvuruga ile 40 kwa 60. Katika jaribio la mtandaoni kuna jambo linalowababaisha wengi: jumla ya alama za maswali ni kitu kimoja, alama ya juu ya jaribio ni kitu kingine. Maswali yanaweza kufika 34 na jaribio likawekwa juu ya 20. Mfumo utabadilisha wenyewe.

Majaribio ya darasani, yale ya karatasi, unayaongezea safu kwa mkono. Bofya kuongeza kipengele cha alama, kipe jina linaloeleweka, andika alama ya juu, chagua fungu. Jina "Jaribio 1 la darasani, wiki ya 5" litakufaa zaidi kuliko "Test" mbili zinazofanana.

Alama ya juu isiguswe baada ya alama kuanza kuingia. Ukilazimika kuigusa, Moodle itakuuliza kama ibadilishe na alama zilizokwisha kuingizwa. Ukikubali, 16 kati ya 20 inakuwa 8 kati ya 10. Soma swali hilo polepole kabla ya kubofya.

Hatua ya 4: Badilisha herufi za madaraja

Hatua hii ni fupi na karibu kila mtu huiruka. Herufi zinazokuja na Moodle ni za mtindo wa Marekani: A inaanzia 93, B inaanzia 83, C inaanzia 73, na chini ya 60 ni F. Kwa ngazi zilizozoeleka Makerere, A+ inaanzia 90, A inaanzia 80, B+ 75, B 70, C+ 65, C 60, D+ 55 na D 50. Tazama kinachotokea usipobadilisha: mwenye 75 anasoma C kwenye simu yake wakati daraja lake ni B+, na mwenye 59 aliyefaulu kwa D+ anaoneshwa F. Huyo wa pili atakupigia usiku huohuo.

Ndani ya sehemu ya alama kuna ukurasa wa herufi. Ruhusu kozi yako iwe na ngazi zake, kisha andika mipaka ya chuo chako. Kama msimamizi wa mfumo ameshaiweka kwa chuo kizima, usiguse chochote.

Jambo moja zaidi kuhusu mipaka. Moodle hutafuta herufi kwa alama kamili iliyo ndani, hata kama skrini imeizungusha. Ukiamuru skrini isioneshe desimali, mwenye 79.6 ataona 80 na pembeni yake B+, naye atadai A kwa haki kabisa. Acha desimali mbili zionekane hadi chuo kitakapozungusha kwa kanuni zake.

Hatua ya 5: Ingiza alama mahali panapostahili

Kanuni ninayoishikilia ni hii: kazi iliyokusanywa mtandaoni isahihishwe ndani ya kazi yenyewe, na jedwali kubwa liachiwe safu za karatasi. Sababu yake ni ya kiufundi. Ukiandika alama ya insha moja kwa moja kwenye jedwali, Moodle huihesabu kuwa alama uliyoilazimisha, na kisanduku hubadilika rangi. Kuanzia hapo jedwali halisikilizi tena kinachotokea kwenye insha. Ukisahihisha upya wiki ijayo na kumwongezea mwanafunzi alama tano, insha itaonesha alama mpya, jumla itabaki na ya zamani.

Ujumbe wa aina hii huwafikia walimu wengi: "Mwalimu, habari ya leo. Samahani kwa usumbufu, kwenye insha naona 62 lakini kwenye jumla bado mnanihesabia 57." Kabla ya kumwambia asubiri mfumo usasishe, fungua kisanduku chake kwenye jedwali na uondoe tiki ya kulazimisha. Alama sahihi itashuka papo hapo.

Kwa darasa kubwa, kuandika alama moja moja ni mateso, na mtandao ukikatika kabla hujahifadhi unaanza upya. Njia salama ni faili. Pakua jedwali la alama kama faili la Excel, ili upate orodha kamili ya waliosajiliwa kwenye kozi yako pamoja na namba zao. Funga mtandao. Ingiza alama za jaribio ukiwa umetulia, hata nyumbani bila bando. Ukimaliza, futa safu zote zisizohitajika, bakiza namba ya usajili na safu ya alama, kisha hifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma. Rudi Moodle, chagua kuingiza alama kutoka faili la CSV, pakia, halafu uuambie mfumo mambo mawili: mwanafunzi atambuliwe kwa safu ipi, na alama ziende kwenye kipengele kipi.

Utambuzi ufanyike kwa namba ya usajili au baruapepe ya chuo. Majina yatakupoteza. Darasa la Kampala lenye Nakato wawili na Kato watatu ni jambo la kawaida, na anayesoma karatasi ya mahudhurio kwa haraka atampa Babirye alama za Nakato, pacha wake, bila kujua. Ukubali pia kwamba faili likiwa na namba moja isiyopo kwenye kozi, Moodle italikataa lote na kukutajia penye kasoro. Mara nyingi ni mwanafunzi aliyefanya jaribio bila kujisajili mtandaoni. Muondoe kwenye faili kwa sasa, mtafute, asajiliwe, kisha umwingize peke yake.

Kama unafundisha makundi ya mchana na ya jioni katika kozi moja, tengeneza makundi hayo ndani ya Moodle mapema. Jedwali litakuwezesha kuona kundi moja kwa wakati mmoja, na ukurasa utafunguka haraka zaidi kwenye mtandao dhaifu. Simu iache kwa kusoma tu: jedwali ni pana, na kidole kinachoteleza huandika alama kwenye mstari wa jirani.

Hatua ya 6: Kisanduku kitupu na sifuri

Ukiwa na muda wa kusoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Moodle ina mpangilio wa kuacha visanduku vitupu nje ya hesabu, na kwa kawaida huja umewashwa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anahesabiwa kwa kile alichokifanya tu. Katikati ya muhula huo ni uungwana: kama limefanyika jaribio la kwanza pekee, aliyepata 16 kati ya 20 anaona asilimia 80, yaani 32 juu ya 40, na anajua anaendaje. Mwisho wa muhula mpangilio uleule unageuka zawadi kwa watoro. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo moja, akakwepa la pili na asiwasilishe insha, bado anasoma 32 juu ya 40. Jirani yake aliyefanya yote matatu na kupata 26 yuko nyuma yake. Alama ambayo mtoro huyo anastahili ni 8.

Kwa hiyo, kila kazi inapofungwa rasmi, amua hatima ya kila kisanduku kitupu. Kuna hali tatu, na kila moja ina kitendo chake.

Asiyefanya bila sababu hupata sifuri iliyoandikwa. Huna haja ya kuzichapa moja moja: fungua mwonekano wa safu moja, tafuta sehemu ya kuingiza alama kwa wingi, chagua visanduku vitupu pekee, andika 0. Hapo pana chaguo la visanduku vyote na chaguo la vitupu pekee, na yamekaa karibu karibu. Ukichagua la kwanza umefuta kazi ya wiki nzima. Pakua nakala ya Excel kabla, kila mara. Kwa kazi za mtandaoni kumbuka pia kwamba sifuri hizo ni alama zilizolazimishwa, kwa hiyo aliyeruhusiwa kuwasilisha baadaye lazima aondolewe tiki kabla alama yake mpya haijaonekana.

Mwenye ruhusa, labda alilazwa hospitali na barua yake imekubaliwa na idara, huondolewa kwenye hesabu ya kazi hiyo moja. Kwenye mwonekano huohuo wa safu moja kuna kisanduku cha kumuengua. Uzito wa kazi aliyosamehewa unagawanywa kwa zilizobaki. Tuseme ni yule mwenye 16 na insha ya 50, aliyekosa jaribio la pili: ana 8 na 7.5, jumla 15.5 kati ya 25 zilizopo, ambayo ni asilimia 62, na juu ya 40 ni 24.8. Uamuzi huo si wako peke yako. Idara nyingi hupendelea jaribio la fidia kuliko msamaha, kwa hiyo uwe na maandishi kabla ya kuweka tiki.

Wa tatu ni yule ambaye karatasi yake imepotea, au iko kwa mhadhiri msaidizi, au haijasahihishwa. Huyo aachwe na kisanduku kitupu, na katika sehemu ya maoni uandike kwa nini. Ukimpa sifuri ya muda utaisahau.

Wapo wanaozima mpangilio huo wa visanduku vitupu kwa fungu zima badala ya kuandika sifuri. Jumla itatoka ileile, ila jedwali halitaonesha nani alikwepa na nani anasubiri karatasi yake, na mtahini wa nje akiuliza utaanza kuchimbua kumbukumbu. Mimi naandika sifuri.

Hatua ya 7: Amua nani anaona nini, na lini

Alama za kazi za muhula waone mapema, wapate muda wa kulalamika malalamiko yakiwa bado na dawa. Za mtihani ni habari nyingine: zifiche hadi zipite kwenye bodi. Kila kipengele kina alama ya jicho au chaguo la kufichwa, na unaweza kukiwekea tarehe ya kufunguka.

Lakini kuficha safu hakutoshi. Jumla ya kozi ikibaki wazi, mwanafunzi anayejua kutoa atachukua jumla, ataondoa 26 zake, na atapata mtihani wake kabla ya bodi kukaa. Katika mipangilio ya ripoti ya mwanafunzi kuna chaguo linalohusu jumla zenye vitu vilivyofichwa: zisioneshwe kabisa, zioneshwe bila kuhesabu kilichofichwa, au zioneshwe pamoja nacho. Chagua la kwanza. Kisha hakikisha kwa macho yako: fungua ripoti ya mwanafunzi yeyote na uitazame kama yeye anavyoiona; chaguo hilo liko juu ya ripoti.

Insha mnaposahihisha wawili au watatu, kuna njia nzuri ya kuzuia wengine wasione alama zao siku tano kabla ya wenzao. Washa mtiririko wa usahihishaji kwenye mipangilio ya insha. Alama zinabaki rasimu hadi uzitangaze zote kwa mkupuo.

Orodha ya alama yenye majina isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wala isibandikwe mlangoni. Tuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha tangu 2019, na alama za mtu ni taarifa zake. Daftari la mtandaoni tayari linamwonesha kila mmoja zake peke yake.

Hatua ya 8: Linda mlango

Mhadhiri msaidizi apewe jukumu la mwalimu asiyehariri. Atasahihisha kazi za mtandaoni na kuzipa alama ndani ya kazi zenyewe, ila kwa mipangilio ya kawaida hataweza kuandika kwenye jedwali kubwa wala kubadili uzito na mafungu. Nenosiri lako usimpe yeyote, hata kiongozi wa darasa mwenye bidii anayejitolea kukusaidia kuchapa. Moodle inaweka historia ya alama, yenye jina la aliyebadilisha, saa, alama ya zamani na mpya. Historia hiyo hukutetea pale mtu anapodai umempunguzia, mradi kila aliyeingia ameingia kwa jina lake mwenyewe.

Hatua ya 9: Kagua kabla ya kuwasilisha

Chagua wanafunzi wanne: mmoja wa juu, mmoja aliye karibu sana na 50, mmoja mwenye sifuri mahali fulani, na mmoja aliyesamehewa kazi. Wahesabie kwa kikokotoo ukifuata karatasi ya hatua ya 1, kisha linganisha na skrini. Wa juu karibu kila mara atakubaliana; hata mpangilio mbovu humpa jibu zuri anayepata alama nzuri kila mahali. Makosa hujitokeza kwa wale watatu wengine. Ikipatikana tofauti, angalia kwanza kama kuna kipengele kilichobaki nje ya fungu, halafu kama kuna alama iliyolazimishwa, halafu njia ya kujumlisha ya fungu lenyewe.

Pitisha macho pia kwenye safu ya jumla ukitafuta visanduku vitupu na alama zinazoshangaza. Mwenye 38 juu ya 40 kwenye muhula na 12 kwenye mtihani huenda aliugua, huenda alinakili insha, au huenda 72 yake imechapwa vibaya. Itafute karatasi yake.

Yakiwa sawa, pakua faili la Excel lenye safu ya jumla ya muhula na safu ya mtihani, na ulihifadhi mahali pawili, mojawapo nje ya kompyuta yako. Hilo ndilo utakalopeleka kwenye mfumo wa matokeo na kwenye bodi. Bodi ikibadilisha alama yoyote, ibadilishe na Moodle siku hiyohiyo, kisha funga safu zote kwa alama ya kufuli; kuanzia hapo hata mtu akisahihisha upya insha, daftari halitasogea.

Muhula mwingine ukipewa kozi ileile, usianze tena. Kwenye kozi mpya kuna chaguo la kuleta yaliyomo kutoka kozi ya zamani, na mafungu na uzito hufuata pamoja na shughuli, bila wanafunzi na bila alama zao. Ila acha tiki kwenye shughuli zote unapoleta. Ukiacha nje hata jaribio moja lenye alama, mpangilio wa daftari haufuati, na utajikuta umerudi kwenye ile njia ya mwanzo inayoipa insha theluthi mbili.